Mama mdogo, maswali 128 na kipindi cha saa kumi na moja alfajiri

Simu inaita saa kumi na moja kasoro dakika mbili, nje bado giza, majogoo wa jirani hapa Nyakato, Mwanza, ndo kwanza wanajaribu sauti, na mimi nishakaa kitandani na kitenge mabegani, bando nimeliunga tangu jana jioni. Napokea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Haya mwalimu, niulize." Ndo kipindi kimeanza hivyo, mwalimu anamwamkia mwanafunzi, na mwanafunzi akichoka anamkata mwalimu simu bila kuomba ruhusa.

Mwanafunzi ni mama yangu mdogo. Mzaliwa wa Nansio, Ukerewe, ana miaka 57, alienda Marekani 2012 kwa ile bahati nasibu ya grini kadi, kibali chao cha kuishi kule, na sasa yuko Columbus, Ohio, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Mimi nikipokea simu alfajiri yeye kwake ni saa tatu usiku, katoka kazini, miguu iko kwenye beseni la maji moto. Kipindi cha joto kule saa zao zinasogezwa mbele kwa hiyo nilikuwa naamka saa kumi kamili, mwezi wa kumi na moja wakazirudisha nyuma nikapata saa moja zaidi ya kulala, sijawahi kufurahia sheria ya nchi ya watu namna ile.

Ameomba uraia wa kule, na kuupata lazima upite usaili wenye mtihani wa Kiingereza na maswali ya historia na serikali yao. Na mimi nafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo ukoo ulikaa kikao (nikiwa sipo) ukaamua mwalimu ni mimi.

Naandika hii kwa sababu juzi pale kwenye kivuko cha Kamanga kuna dada aliniona napitia maswali kwenye simu akaniuliza hiyo ni mtihani wa nini, kumbe na yeye mama yake yuko Texas anahangaika na jambo hilo hilo, na kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp alishamwambia atoe dola 60 auziwe "maswali ya siri". Nikamwambia dada, hakuna siri. Maswali yote na majibu yake serikali yenyewe ya Marekani imeyaweka mtandaoni bure, kwenye tovuti ya USCIS, ndo idara yao ya uraia na uhamiaji. Kuna PDF, kuna sauti ya kusikiliza, kuna kadi za kuprinti swali mbele jibu nyuma, kuna orodha ya maneno ya kusoma na orodha ya maneno ya kuandika. Huyo jamaa anauza maji ya ziwa kando ya ziwa.

Lakini bure siyo sawa na rahisi, na mimi nimelijua hilo kwa aibu, acha niwasimulie.

Tulianza mwezi wa tatu mwaka jana. Nikapakua apu moja iliyokuwa na maswali 100, nzuri tu, ina picha na bendera, tukasoma maswali 100 miezi mitano mpaka mama mdogo akawa anajibu huku anakatakata vitunguu. Mpango ulikuwa atume fomu mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa hela ya fomu (dola 710 ukituma mtandaoni, 760 kwa karatasi) ikageuka bati za nyumba ya bibi kule Nansio, mvua zilikuwa zinakaribia na hamna namna. Akatuma fomu mwezi wa kumi na moja. Jumapili moja niko kwenye ile tovuti ya serikali natafuta kitu kingine kabisa ndo nakutana na tangazo kwamba aliyetuma fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anafanya mtihani mpya. Maswali 128 siyo 100. Zamani ofisa alikuwa anakuuliza mpaka maswali 10 na unatakiwa upate 6, sasa anauliza mpaka 20 na upate 12. Ukifikisha 12 sahihi anaacha kuuliza, ukikosa 9 pia anaacha.

Nilikaa na hiyo habari siku mbili. Mwalimu mzima, ninayewaambia watoto kila siku waangalie tarehe juu ya karatasi ya mtihani, mimi sikuangalia tarehe. Nilivyomwambia akanyamaza, nikasikia maji tu yanatikisika kwenye beseni, halafu akasema, "Kwa hiyo bati zimenigharimu maswali ishirini na nane." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo jambo la kwanza namwambia kila mtu, kabla hujafungua apu yoyote au video yoyote ya YouTube hakikisha mtihani unaosomea ndo wako, tarehe ya kutuma fomu ndo inaamua. Video za maswali 100 ziko zimejaa bado na wala hazidanganyi, wapo waliotuma fomu kabla ya ile tarehe wanazihitaji. Na hata kwenye orodha yenyewe yapo majibu yanayobadilika, jina la rais, spika, gavana wako, maseneta wako, hayo usiyameze kutoka kwenye video ya miaka minne iliyopita. Tovuti ya serikali ina ukurasa wa majibu yaliyobadilika, pita pale mwishoni kabla ya usaili.

Sasa kwenye hayo ya uraia wenyewe, mi nilidhani kazi ni kukariri. Kumbe kazi ilikuwa kuondoa Tanzania kichwani, au tuseme kuihamisha kidogo ipishe.

Chukua neno jimbo. Vitabu na magazeti yetu yote yanasema Marekani ina majimbo 50. Sawa. Mama mdogo kwake jimbo ni jimbo la Ukerewe, kitu chenye mbunge mmoja anayekuja na msafara kipindi cha kura. Namwambia Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435, majimbo ni 50, ananiuliza sasa hao wengine 385 ni wa viti maalum? Yaani swali la akili kabisa! Wiki nzima tumekwama hapo. Mwisho nikaacha kutumia jimbo kwa Ohio, nikasema kama wanavyosema wenyewe huko, steti. Ohio ni steti, na ndani ya Ohio kuna majimbo kama Ukerewe, yako 15, kila moja lina mbunge wake anayekaa miaka miwili tu. Halafu kila steti, iwe kubwa iwe ndogo, inatoa maseneta wawili wa miaka sita, ndo wanafika 100. Akasema "aaaah" ile ndefu, nikajua imeingia.

Neno la pili, Secretary. Hapa kwetu katibu ni mtu wa ofisini, au katibu mkuu wa wizara ambaye juu yake kuna waziri. Sasa ukimwambia baraza la mawaziri la Marekani limejaa makatibu anaona umemtania. Apu moja ya kutafsiri ndo ikamaliza kabisa, baraza la mawaziri, kwa Kiingereza Cabinet, ikaliita kabati, kwa hiyo kwa siku moja serikali ya Marekani ilikuwa makatibu ndani ya kabati. Nikamwandikia kwenye karatasi: Secretary ni waziri. Basi. Na waziri mkuu hawana, usimtafute.

La tatu gavana. Yeye moja kwa moja kamfananisha na mkuu wa mkoa, akajibu kwamba anateuliwa na rais. Kwa Mwanza ni kweli tupu, mkuu wa mkoa anateuliwa. Kwa Ohio wananchi wanampigia kura. Hili hajalisahau tena kwa sababu lilimuudhi, "ina maana miaka yote hii nimekaa hapa watu wanamchagua na mimi napita tu nimebeba mifuko ya sokoni?"

Lakini kuna pengine Tanzania ilisaidia. Katiba yao imeandikwa 1787, zile haki za raia zikaja baadaye 1791 kama marekebisho kumi ya kwanza. Nikamwambia mama, hata ya kwetu ya 1977 ilikuja bila sura ya haki za binadamu, zikaingizwa kwa marekebisho ya 1984, kwa hiyo wewe fikiria nyumba iliyojengwa kwanza halafu milango ya ndani ikaja kuwekwa baadaye. Akaelewa mara moja, nyumba za namna hiyo anazijua.

Kiingereza chenyewe je? Watu wanadhani ni mtihani wa sarufi. Siyo. Kusoma, unapewa sentensi mpaka tatu na unatakiwa usome moja vizuri. Kuandika vile vile, ofisa anakutamkia, unaandika, moja kati ya tatu ikieleweka umepita. Na maneno yote yanatoka kwenye zile orodha mbili ndogo nilizosema, kila moja ni ya ukurasa mmoja hivi. Shida ya mama mdogo ilikuwa irabu, sisi neno lisipoisha na irabu tunaona limekatika mkia, akawa ananitumia picha ya daftari imeandikwa Congressi, Washingtoni, Februari. Tukanyoosha. Pia siku hizi wanaandikia kwenye tableti kwa ile kalamu yake, siyo karatasi, kwa hiyo nilimwambia azoee kuandika kwa kidole kwenye simu, mwandiko wake ulivyokuwa siku ya kwanza ungesema kuku kapita kwenye tope.

Na r na l. Wa kanda ya ziwa mnajielewa. Kuna swali la utawala wa sheria, kwa Kiingereza "rule of law", na jibu lake moja ni kwamba kila mtu lazima afuate sheria. Mama mdogo kila akilitamka viti vinabadilishana, r inakaa pa l, l inakaa pa r, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuchanganya mbele ya wanafunzi wangu darasani. Dawa niliipata kwenye daladala natoka Buhongwa. Nikampigia: mama sema rula, ile ya kupigia mistari, ukifika rul simama. Sasa shangaa, umeona nyoka. "Lo!" Haya unganisha. Rul of lo! Mpaka leo analisema kwa mshangao kidogo kama kaona nyoka kweli lakini l iko mahali pake.

Ila hayo yote ni madogo. Panapotisha ni fomu yenyewe, inaitwa N-400, maana kule kuongea Kiingereza wanakupima kwa kukuuliza uliyoyajaza. Na fomu imejaa maswali ya "umewahi". Umewahi kukamatwa, umewahi kudai kwamba wewe ni raia wakati siyo, umewahi hiki, umewahi kile. Sasa Mswahili aliyelelewa akalelewa akiulizwa na mkubwa ofisini anasema nini? Ndiyo. Kwa adabu tu. Jaribio la kwanza nilimuuliza kama ofisa, amewahi kukamatwa na polisi, akajibu "yes, yes" na tabasamu nikaliona kwenye skrini. Mama! Umeapa kusema kweli hapo!

Halafu kuna ubaya mwingine umejificha, walimu wenzangu mtanielewa. Kwetu nikikuuliza "hujawahi kukamatwa?" unajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, ni kama ulivyosema, sijawahi. Kwa Kiingereza hapo unajibu "no". Ukijibu "yes" ofisa anaweza kukuelewa kinyume kabisa. Hili ndo limekula vipindi vyetu vingi kuliko Lincoln na Washington wakijumlishwa. Nikampa kanuni moja, usianze na yes wala no peke yake, sema sentensi nzima, "I have never been arrested." Na ukiwa hujasikia vizuri omba arudie, ofisa anaruhusiwa kurudia na hata kubadilisha maneno, siyo aibu na siyo kufeli. Kuomba arudie kulimchukua mwezi, yeye anaona ni utovu wa adabu.

Kwa sehemu hii ya fomu mi nasifia USA Learns. Ni tovuti ya bure, inaendeshwa na ofisi ya elimu ya kaunti ya Sacramento kule California, unajiandikisha na barua pepe, ina kozi ya uraia yenye maneno ya N-400 na video za usaili wa kuigiza. Mama mdogo alizitazama zile video mpaka akaanza kumtetea muombaji, "huyo ofisa mbona hacheki?" USAHello nayo iko vizuri, ina kurasa za Kiswahili, kwa hiyo kwa mtu ambaye Kiingereza kinamtisha aanzie hapo aelewe kwanza jambo lenyewe kwa lugha yake. Makumbusho ya historia ya Smithsonian wana ukurasa wa mtihani huu wenye picha za vitu vyao, mi mwenyewe nimepotelea mle usiku mmoja, ila nadhani ulinisaidia mimi zaidi yake. Kwa masikio, VOA walikuwa na Kiingereza cha polepole, walianza kukitangaza redioni 1959, na vipindi vingi vya zamani viko mtandaoni bado, mama anasikiliza kwenye basi akienda kazini. Apu za kulipia? Nimejaribu mbili. Zinauza yale yale ya serikali yakiwa na rangi.

Na kitu kilichofanya kazi kuliko tovuti zote ni voisi. Natuma swali moja kwa WhatsApp, sekunde kumi, kwa sauti ya haraka kama ya ofisa, bila kumwambia linakuja saa ngapi. Anajibu kwa voisi kutoka popote alipo, nasikia mabomba, nasikia lifti, siku moja nikasikia bibi wa Kizungu huko nyuma anamsahihisha jina la mto. Yule bibi wa miaka tisini na kitu siku hizi ndo mwalimu msaidizi wangu, hatujawahi kuonana.

Hili nalo nilichelewa kulijua, watu wazima wana nafuu yao. Ukiwa na miaka 50 na umekaa na grini kadi miaka 20, au 55 na umekaa 15, mtihani wa Kiingereza husamehewi sehemu, unasamehewa wote, yale ya uraia unayafanya kwa lugha yako na mkalimani. Ukifika 65 na umekaa 20 hata maswali yanapungua, unasomea 20 tu, unaulizwa 10, upate 6. Na mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza kuna fomu inayojazwa na daktari, N-648. Mama mdogo umri kafikisha, miaka ya kukaa ndo imepungua miwili. Nikamwambia kwa upole, mama ungesubiri mpaka 2027 ungefanya kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Na hao wazee ninaowaogesha kila siku naongea nao Kikerewe?" Yakaishia hapo.

Siku ya swali la vyama ndo tulikaribia kugombana. Fomu inauliza kama umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Akashtuka, "Mimi nilikuwa chipukizi, nilivaa skafu, tuliimba ujamaa, sasa ujamaa siyo huo?" Nikaanza kutoa hotuba, halafu nikajizuia, mimi mwalimu wa Kiingereza siyo wakili. Nikamtuma kwenye kliniki ya sheria ya bure iliyo karibu naye akaulize kabla hajajaza, akaenda, wakamsaidia kujaza fomu nzima. Tovuti inafundisha neno. Kujibu kwa niaba yako chini ya kiapo haiwezi, na mimi siwezi.

Kiapo ndo tunakizunguka. Kina maneno mazito, kukana utii kwa nchi yoyote nyingine, na sisi sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku namfundisha hayo maneno alisoma taratibu, neno kwa neno, matamshi safi kuliko siku zote, halafu akauliza, "Kwa hiyo Nansio nitaingia na viza?" Nikamwambia ndiyo mama, kwa Wamarekani ni dola 100. Akasema sawa. Baadaye akatuma voisi, kimya sekunde kama nane hivi, halafu, "Dola mia kwenda kwa mama yangu." Sikujua nijibu nini nikamtumia swali namba 1.

Barua ya usaili bado haijaja. Akifeli kitu anarudia kile alichofeli tu, ndani ya siku 60 mpaka 90, nimemwambia, kasema nisimtabirie. Kesho ni sentensi za kuandika, na ameniagiza nisipige kabla ya saa tatu na nusu yake, kuna mtu kamletea dagaa wa Mwanza na kila akiwakaanga king'ora cha moshi kinalia jengo zima, majirani wanatoka nje.